Kuanza Kukusanya Sarafu za Dhahabu za Mwanzo za Marekani, 1795–1834

Wanaoanza huuliza mambo yaleyale. Mbona sarafu haikuandikwa ni ya dola ngapi? Mistari hii ya tupa kwenye nywele za sanamu ni uharibifu? Nianze na mwaka gani? Nikiing'arisha kidogo si itapanda bei? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi, kuanzia kabla hujatoa hata senti moja mpaka sarafu iwe imelala salama kwenye kabati.

"Sarafu za mwanzo" hapa ni zile zilizopigwa na Kiwanda cha Sarafu cha Philadelphia tangu 1795 mpaka katikati ya 1834. Ziko za viwango vitatu: robo tai ya dola 2.50, nusu tai ya dola 5, na tai ya dola 10. Nusu tai ndizo zilizotangulia: 744 za kwanza zilitoka kiwandani tarehe 31 Julai 1795. Zote ni dhahabu ya karati 22.

Nadharia ni fupi, lakini usiiruke, maana inaeleza bei. Sheria ya 2 Aprili 1792 iliweka gramu 1 ya dhahabu sawa na gramu 15 za fedha. Ufaransa, kuanzia 1803, iliweka 15.5. Kwa hiyo dhahabu ya Marekani ilikuwa na thamani zaidi ng'ambo kuliko nyumbani, na wafanyabiashara wakaisafirisha na kuiyeyusha kwa miaka mingi, hadi Sheria ya 28 Juni 1834 ilipopunguza uzito wa sarafu. Nusu tai za 1822 zimeandikwa kwenye hesabu za kiwanda kuwa 17,796. Leo zinajulikana tatu tu. Mbili ziko katika makumbusho ya Smithsonian, na ya tatu iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 8.4. Basi ukiona muuzaji anakutajia idadi iliyopigwa, muulize idadi iliyobaki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, pamoja na jiwe lake la kuihakiki. Mizani isiyohakikiwa itakudanganya bila wewe kujua.
- Kalipa, yaani kifaa cha kupimia upana, yenye meno ya plastiki. Dhahabu ni laini, na meno ya chuma huacha alama ukingoni.
- Lenzi ya mkono ya mara 5 au 7 kwa kuangalia sura nzima, na ya mara 10 kwa alama ndogo. Zaidi ya mara 10 kila sarafu itaonekana mbovu.
- Taa ya meza yenye balbu moja. Taa ndefu za dari husambaza mwanga na kuficha mikwaruzo.
- Kitambaa kinene laini cha kutandika mezani, ili sarafu ikikuponyoka isigonge mbao.
- Intaneti ya kufungulia kumbukumbu za minada. Heritage Auctions na Stack's Bowers huweka picha na bei za mauzo ya nyuma kwa miaka mingi.
- Fedha za kutosha. Hata nusu tai ya kawaida, nzima na isiyoharibiwa, huuzwa kwa maelfu ya dola, na tai hupita hapo kwa mbali. Kama bajeti haifiki, hatua ya 1 ina njia nyingine ya heshima.

Vipimo vya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako:

- Tai, 1795–1804: gramu 17.50, upana takriban milimita 33.
- Nusu tai, 1795–1829: gramu 8.75, takriban milimita 25. Mwaka 1829 upana ulipunguzwa kuwa milimita 23.8, uzito ulibaki uleule.
- Robo tai, 1796–1808: gramu 4.37, takriban milimita 20. Za 1821–1827 ni milimita 18.5, na za 1829–1834 ni 18.2.
- Usafi wa dhahabu, zote: 0.9167.

Hatua ya 1. Chagua njia moja, uiandike

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kununua sarafu moja tu iliyo nzuri, nusu tai, ukaishia hapo au ukatulia kwa miaka. Ya pili ni kukusanya aina, yaani sarafu moja kwa kila sura iliyopigwa. Ya tatu ni kukusanya mihuri, yaani kutafuta sarafu moja kwa kila jozi ya vyuma vilivyochongwa kugongea sarafu za mwaka fulani.

Anza na ya kwanza. Ya tatu haifai kwa anayeanza, na wengi walioikimbilia walijikuta na sarafu adimu ambazo ni wachache mno wanaozitaka.

Kama bajeti ni ndogo, nunua kwanza nusu tai ya 1834 isiyo na maneno E PLURIBUS UNUM juu ya ndege tai aliyechorwa nyuma. Hiyo ni sura mpya iliyokuja na sheria ya 1834: gramu 8.36, milimita 22.5. Si ya kundi letu, lakini ilipigwa kwa wingi, bei yake inavumilika, na itakufundisha rangi ya dhahabu ya zamani, mng'ao na uchakavu bila kukufilisi. Angalia tu usiuziwe kwa bei ya ile ya 1834 yenye maneno hayo, ambayo ni ya kundi la zamani na ni adimu kweli.

Hatua ya 2. Zijue sura 12

Jifunze kuzitambua bila kusoma maandishi ya muuzaji.

Tai zina sura mbili. Zote zina Uhuru, mwanamke aliyevaa kofia, akitazama kulia kwako. Tofauti iko nyuma: 1795–1797 kuna tai mdogo aliyeshika shada mdomoni, 1797–1804 kuna tai mkubwa mwenye ngao kifuani. Tai zilisimamishwa mwishoni mwa 1804 na hazikupigwa tena hadi 1838.

Nusu tai zina sura tano: tai mdogo (1795–1798), tai mwenye ngao (zenye tarehe 1795 hadi 1807), kiwiliwili kinachotazama kushoto, kazi ya mchongaji John Reich (1807–1812), kichwa kikubwa kisicho na mabega (1813–1829), na kichwa hichohicho kwenye sarafu iliyopunguzwa upana (1829–1834). Hii ya mwisho ni ngumu sana kuipata. Ile ya 1795 yenye tai mwenye ngao haikupigwa 1795. Muhuri wa kichwa wenye tarehe hiyo ulikuwa bado mzima, kiwanda kikautumia baadaye.

Robo tai nazo ni tano: ya 1796 isiyo na nyota upande wa kichwa, zilizopigwa 963 tu, yenye nyota (1796–1807), ya 1808, zilizopigwa 2,710 katika mwaka mmoja huo peke yake, ya 1821–1827, na ndogo ya 1829–1834. Kati ya 1809 na 1820 hakuna robo tai hata moja. Ukionyeshwa ya 1815, umeonyeshwa ya bandia.

Na lile swali la thamani: mpaka 1807 kiwanda hakikuandika thamani kwenye dhahabu. Watu walijua kwa ukubwa na uzito. "5 D." ilianza na nusu tai ya Reich ya 1807, na "2½ D." ikaja na robo tai ya 1808. Kukosekana kwa thamani kwenye nusu tai ya 1803 ndiko kunakotakiwa.

Hatua ya 3. Tenganisha alama za kiwandani na alama za mikono ya watu

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiijua hatua hii, nyingine ni taratibu tu. Alama iliyowekwa kabla ya kugongwa au wakati wa kugongwa ni sehemu ya kuzaliwa kwa sarafu. Iliyowekwa baadaye inashusha bei, na kwa kawaida haiondoki.

*Mistari ya tupa.* Kila kipande kitupu kilipimwa kabla ya kugongwa. Kilichopungua uzito kilirudishwa kuyeyushwa. Kilichozidi kilisuguliwa tupa mpaka kikae sawa. Nguvu ya kugonga ilifuta sehemu kubwa ya mistari hiyo, lakini ilibaki pale ambapo chuma hakikujaa vizuri, hasa katikati na ukingoni. Itambue hivi: mistari imesimama sambamba, kingo zake zimelainika, rangi yake ndani ni sawa na ya sarafu nzima. Mkwaruzo wa baadaye una kuta kali, umesukuma dhahabu ikasimama pembeni kama tuta dogo, na chini yake kunameta. Mistari ya tupa iliyo myepesi ivumilie. Iliyopita usoni mwa Uhuru kwa kina, iache kwa sababu ya sura, ukijua kwamba si uharibifu.

*Kugongwa hafifu.* Nywele za juu ya sikio, nyota za upande mmoja, na kifua cha tai mara nyingi havikutokea vizuri. Anayeanza hudhani ni uchakavu. Angalia ngozi ya mahali hapo: kama ina rangi na mng'ao uleule wa jirani yake, ni hafifu, kama imekuwa bapa, laini na yenye rangi tofauti, imechakaa.

*Nyufa za muhuri.* Ni mistari iliyonyanyuka juu ya uso, si iliyozama. Muhuri ulipasuka, dhahabu ikaingia kwenye ufa. Haina ubaya wowote, na mara nyingi ndiyo inayokuthibitishia sarafu.

Sasa za mikono ya watu.

*Kitanzi cha mkufu.* Sarafu nyingi ziligeuzwa mapambo. Kagua ubavu wote kwa lenzi, ukianza juu ya kichwa, mahali pa saa 12. Unatafuta meno ya ubavuni yaliyosuguliwa, dhahabu yenye rangi nyingine, au uso uliovimba kama nta iliyoyeyuka. Hayo ni mabaki ya kulehemu.

*Tundu lililozibwa.* Fundi mzuri huziba tundu na kuchonga upya nyota au herufi iliyopotea. Linganisha nyota zote 13, au kwa idadi ya mwaka husika. Nyota moja yenye ncha kali kuliko wenzake ni dalili.

*Kusafishwa.* Shika sarafu chini ya balbu, uiinamishe polepole na kuizungusha. Sarafu isiyoguswa hutoa mng'ao unaozunguka kama spoki za baiskeli. Iliyosuguliwa hung'aa mahali pamoja kama kioo, au huonyesha mikwaruzo myembamba mno yote ikielekea upande mmoja. Dhahabu ya zamani isiyoguswa ina rangi nzito, ya machungwa au yenye ukijani, na uchafu wa miaka umebaki kuzunguka herufi. Njano safi kote kote, hata kwenye mapengo ya nyota, inatia shaka.

Fanya zoezi: fungua kumbukumbu za mnada, chukua nusu tai 50 za 1800–1812, zifunike maelezo, andika mwenyewe unachokiona, kisha fungua usome. Rudia mpaka uwe unakosea mara chache. Usinunue kabla.

Hatua ya 4. Zijue ngazi za ubora

Kipimo kinakwenda 1 mpaka 70. Utakutana zaidi na VF (nzuri sana) 20–35, EF (nzuri mno) 40–45, AU (karibu na isiyotumika) 50–58, na MS kuanzia 60, ambayo ni sarafu isiyotumika sokoni. Pesa inayolipwa vizuri iko EF 45 mpaka AU 55: sura bado ni kamili, na hulipi ile ziada ya MS ambayo jicho la anayeanza haliwezi kuitetea.

Ngazi bila namba, yenye neno "Details", maana yake ni sarafu halali iliyoharibiwa: imesafishwa, imelehemiwa, imechongwa. Ukinunua hiyo, nunua ukijua, na kwa bei yake.

Hatua ya 5. Chagua mwaka ulio rahisi

Kwa nusu tai, tafuta 1802, 1803, 1806 yenye 6 ya kichwa cha mviringo, 1807 ya kushoto, 1810 yenye tarehe kubwa na 5 kubwa, 1811, 1812 au 1813. Kwa tai, 1799, 1801 na 1803. Robo tai rahisi haipo; iliyo karibu na hapo ni 1807.

Tahadhari ya bei: nusu tai zote za 1802 zina 2 iliyogongwa juu ya 1, na zote za 1803 zina 3 juu ya 2. Muuzaji akikutoza zaidi kwa sababu ya "mwaka juu ya mwaka", anakuuzia kitu ambacho kila moja inacho.

Hatua ya 6. Tafuta bei ya kweli

Kusanya mauzo yasiyopungua matano ya mwaka uleule, ngazi ileile, kampuni ileile ya upimaji, ya miaka ya karibuni. Fungua picha za kila moja. Ondoa iliyo mbaya kuliko unayoitaka na iliyo nzuri kupita kiasi. Zilizobaki ndizo bei yako.

Kisha piga hesabu ya mnada. Juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, mnunuzi hulipa ada, ambayo kwa minada mikubwa hufika asilimia 20 au kuzidi. Soma masharti ya mnada husika. Ukiwa na dola 10,000 na ada ni asilimia 20, kikomo chako cha nyundo ni 8,333, na hapo hujalipia usafirishaji, bima wala ushuru. Andika kikomo kwenye karatasi kabla ya mnada kuanza.

Jua pia dhahabu iliyomo: nusu tai ina gramu 8.02 za dhahabu safi, tai 16.04, robo tai 4.01. Bei ya dhahabu ikipanda, sarafu za aina hii hazipandi kwa kasi ileile, kwa sababu sehemu kubwa ya bei yake si dhahabu. Anayekuambia nusu tai ya 1806 "haiwezi kushuka kwa sababu ni dhahabu" hajui anachouza.

Hatua ya 7. Nunua iliyokwisha kupimwa, kisha uhakiki kasha

Kwa sarafu ya kwanza usinunue iliyo wazi. Nunua iliyofungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni za kupima sarafu.

1. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni. Mwaka, thamani na ngazi lazima vilingane.
2. Kama tovuti ina picha, linganisha alama tatu ndogo, si sura ya jumla. Namba halali hunakiliwa kwenye makasha bandia, kwa hiyo namba peke yake haitoshi.
3. Kagua mshono wa kasha pande zote nne. Plastiki iliyopauka, gundi, au ufa mwembamba, achana nayo.
4. Kibandiko cha kijani cha CAC, kama kipo, maana yake mpimaji wa pili aliikubali ngazi hiyo. Hakiki nacho kwa namba.

Nunua sarafu, usinunue kasha. Sarafu mbili za AU 53 zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Hatua ya 8. Kama iko wazi, ipime

Ukilazimika kuangalia sarafu isiyo na kasha, fuata utaratibu huu.

1. Ishike ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa.
2. Ipime mara tatu. Nusu tai ya EF inapaswa kukaribia gramu 8.75, ikipungua kidogo kwa uchakavu. Iliyopungua sana huku sura ikiwa kali, au iliyozidi kipimo waziwazi, ina swali.
3. Pima upana mahali pawili. Uzito sahihi na upana sahihi lakini unene uliozidi ni dalili ya madini mepesi.
4. Igeuze kutoka juu kwenda chini. Tai asimame wima. Ukiigeuza kama ukurasa wa kitabu awe kichwa chini. Kupinda kidogo ni kawaida ya mihuri ya wakati ule. Pande zote mbili kusimama sawa kama medali si kawaida.
5. Pima kwa maji. Weka kikombe cha maji safi kwenye mizani, uirudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi laini wa pamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Gawa uzito wa kawaida kwa namba inayotokea. Dhahabu ya karati 22 hutoa kati ya 17.5 na 18. Nusu tai itaonyesha takriban 0.49 au 0.50 majini. Ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa, bila kusugua.

Ujue udhaifu wa kipimo hiki. Kwa nusu tai, kosa la 0.01 tu kwenye mizani hubadilisha jibu kwa asilimia 2. Kwa robo tai, asilimia 4. Robo tai inahitaji mizani ya 0.001. Tena kipimo kinakuambia ni dhahabu, hakikuambii imepigwa Philadelphia. Bandia nyingi za sarafu hizi zimetengenezwa kwa dhahabu halisi, kwa sababu bei ya sarafu imeizidi ya dhahabu mara nyingi. Sumaku na asidi ya sonara vinaishia mahali hapohapo, na asidi huharibu sarafu. Usimruhusu sonara kuikwaruza kwenye jiwe lake.

Hatua ya 9. Ilinganishe na muhuri wake

Kila jozi ya mihuri ya 1795–1834 imekwisha kuorodheshwa na kupewa namba ya BD, herufi za majina ya Bass na Dannreuther. Mihuri ilichongwa na kugongelewa herufi kwa mkono, kwa hiyo hakuna miwili inayofanana. Hilo ndilo silaha yako.

Chukua picha ya sarafu ya BD uliyotajiwa, iliyouzwa kwenye mnada mkubwa. Linganisha: nyota ya kwanza iko umbali gani na nywele; nyota ya mwisho na kiwiliwili; tarakimu ya kwanza na ya mwisho ya mwaka zimeegemea wapi; upande wa nyuma, ncha ya bawa au jani inaelekea herufi gani. Alama moja isipolingana, ama namba ya BD imekosewa ama sarafu ni ya bandia. Isipolingana na jozi yoyote ya mwaka huo, simama hapo.

Kisha tafuta kovu linalojirudia. Bandia nyingi hunakiliwa kutoka sarafu halisi moja, pamoja na vidonda vyake. Ukikuta kishimo kilekile, mahali palepale, kwenye sarafu mbili tofauti, angalau moja ni nakala. Vijipu vilivyonyanyuka kwenye uwanja ulio tupu, herufi zenye mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika, na vijiti vya chuma vinavyochomoza kwenye meno ya ukingoni ni dalili za jamaa hiyohiyo.

Hatua ya 10. Isafirishe na uihifadhi

Kabla ya kulipa, uliza kampuni ya usafirishaji kikomo cha bima yake kwa sarafu na dhahabu. Nyingi hukataa au huweka kiwango kidogo, na maneno hayo yamo kwenye masharti. Kama uko Afrika Mashariki au Ghuba, uliza forodha ya nchi yako kabla sarafu haijaondoka, na upate jibu la maandishi. Usikubali muuzaji aandike thamani ndogo kwenye karatasi "kukusaidia": ni kosa la kisheria, na kifurushi kikipotea utalipwa thamani hiyo ndogo.

Rekodi video ukifungua kifurushi. Linganisha na picha za mnada siku hiyohiyo.

Hifadhi kwenye kasha lake, mahali pakavu, na pakiti za silika jeli. Waliopo pwani wazibadilishe mara kwa mara, maana unyevu wa Mombasa au Unguja huzimaliza upesi. Usitumie mifuko laini ya PVC. Huacha utando wa kijani unaonata. Nyumbani weka picha na risiti, benki weka sarafu.

Makosa yanayogharimu zaidi

Kuisafisha. Soda, dawa ya meno, ndimu, kitambaa cha sonara: kila kimoja huondoa ngozi ya sarafu, na ngozi hairudi. Hakuna kiasi kidogo kisichoonekana.

Kununua ubovu kwa sababu ni rahisi. Nusu tai ya 1795 iliyokuwa na kitanzi itakuwa ya 1795 iliyokuwa na kitanzi siku unayoiuza pia, na wakati huo wewe ndiye utakayekuwa unamwomba mnunuzi aisahau.

Kuitoa sarafu kwenye kasha ili uishike mkononi. Unaharibu uthibitisho, na kuipima upya ni gharama na wiki za kungoja.

Kuamini picha moja. Omba picha za pande zote mbili, za ubavu, na video fupi ikiinamishwa chini ya balbu. Anayekataa kupiga video ya sekunde 20 kwa kitu cha maelfu ya dola amekwisha kukujibu.

Ukikwama

*Mizani inasoma 8.36 badala ya 8.75.* Angalia mwaka. Kama ni 1834 au baadaye na hakuna maneno juu ya tai, una sarafu ya sheria mpya, na iko sawa. Kama imeandikwa 1812, haiko sawa.

*Nusu tai ya 1829 ina upana wa milimita 23.8, nyingine 25.* Zote zipo. Zilipigwa za aina mbili mwaka huo, na zote ni adimu mno. Usiendelee bila mtaalamu.

*Kuna madoa mekundu.* Ni shaba iliyomo kwenye mchanganyiko wa dhahabu. Yaache.

*Kuna utando wa kijani unaonata.* Ni PVC. Usisugue. Ipeleke kwenye huduma ya uhifadhi ya kampuni za upimaji, ikaoshwe bila kuguswa uso.

*Niliipeleka kupimwa, imerudi "Details" kwa kusafishwa.* Itazame tena chini ya balbu mpaka uone walichokiona wao. Kuituma mara ya pili na ya tatu kwa matumaini humaliza pesa. Ukitokea Afrika Mashariki, kabla ya kuituma ulizia forodha utaratibu wa kutoa mali kwa muda, isije ikatozwa kama mpya inaporudi.

*Muuzaji ana tai ya 1804 yenye 4 isiyo na mkia wa msalaba.* Tai za 1804 zilizopigwa kwa matumizi, 3,757 kwa hesabu za kiwanda, zina 4 ambayo mstari wake wa kulala unaishia kwa kijiti cha kukata. Zenye 4 tupu zilitengenezwa baadaye, kuanzia mwishoni mwa 1834, kwa ajili ya seti za zawadi za kidiplomasia. Moja ilikwenda kwa mfalme wa Siam, na nyingine kwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, baada ya mkataba wa biashara wa 1833 na Marekani, biashara ileile iliyoleta Unguja kitambaa cha merikani. Mjumbe Edmund Roberts alifikisha zawadi hizo Muscat mwaka 1835. Dola ya fedha ya 1804 inayoaminika kuwa ilitoka kwenye seti ya Seyyid Said iliuzwa mwaka 1999 kwa dola 4,140,000. Kwa hiyo hadithi ya "ilikuwa ya babu, Unguja" ina mzizi wa kweli, na ndiyo maana matapeli huipenda. Usilipe amana. Mwambie mwenye nayo aipeleke PCGS au NGC kwa jina lake na kwa gharama yake, kisha mzungumze bei ikirudi na cheti.